Saa Niliyoigawa na Haikuwa Yangu

Mwanangu, katika siku zote alizonijalia Mungu, iko siku moja ambayo nikiikumbuka, hata kama napepeta mchele, nasimamisha ungo nikacheka peke yangu. Ni siku ambayo kipande cha chuma kilichokuwa kimenyamaza karibu mwaka mzima kililia tena langoni, na watu wa kiwanda kizima wakaweka visu chini mbele ya meneja wao wakaenda kula. Nilikuwa mmoja wao. Ushindi ule ulikuwa wetu sote, lakini kosa lililotufikisha pale lilikuwa langu peke yangu, na hilo ndilo ninalotaka kukuhadithia.

Nakuhadithia wewe kwa sababu ya simu yako ya juzi. Umepata kazi hapo Garsen, hata miezi sita haijaisha umefanywa msimamizi, na mimi shangazi yako nilipiga kigelegele mpaka jirani akachungulia. Halafu ukaniambia kwa furaha, "Anti, huku hakuna mambo ya lunch. Niliambia tu wasee tukaze mpaka jioni, na mdosi akanipa tano." Bosi akupe tano kwa chakula cha wenzio! Nikakuambia mtandao ni mbaya, nikakata. Mtandao haukuwa mbaya. Nilikuwa nimejisikia mimi mwenyewe nikiongea ndani ya simu yako.

Basi kaa, usikilize. Uji wako utapoa, lakini uji uliopoa hauui mtu.

Wakati huo nilikuwa na miaka thelathini na kidogo, nina nguvu, na nina mdomo. Nje kidogo ya Garsen palikuwa na kiwanda cha kukausha maembe. Kiwanda ni jina la heshima tu. Lilikuwa banda refu la mabati lenye meza ndefu, na nyuma yake matanuri ya kukaushia. Malori yalileta maembe kutoka Ngao, Chara, hata Kinakomba kule juu, sisi tunaosha, tunamenya, tunakata vipande, wengine wanapanga kwenye trei. Tulikuwa mchanganyiko wa watu wote wa mto huu wa Tana: Wapokomo kama mimi, Waorma, Wagiriama, na Wasomali wawili watatu. Utomvu wa embe ulituchubua vidole bila kuuliza kabila.

Kila mmoja wetu alipoajiriwa alipewa barua. Ndani ya barua iliandikwa saa za kuingia na saa za kutoka, na iliandikwa kwamba kuanzia saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu mfanyakazi atapumzika. Saa hiyo ilitangazwa na mlinzi wa lango, Mzee Barisa, Muorma aliyekuwa na ng'ombe wengi kabla ukame haujawamaliza. Langoni palitundikwa ringi ya lori, naye aliipiga kwa nondo mara tatu. Ikilia, Waislamu wanachukua kata wanakwenda kutawadha, Wakristo tunafungua makopo yetu ya wali na kambare, wavivu wanalala chini ya meza. Ilikuwa saa tamu, mwanangu. Sikujua utamu wake mpaka nilipoiondoa.

Ngoja nikueleze kwanza jinsi nilivyolelewa, maana kosa langu lilitoka nyumbani. Wewe umekulia mjini, hujawahi kupanda nyuma ya maji. Mto Tana ukifurika unaingia mashambani, na siku maji yanapoanza kushuka, sisi tunayafuata. Leo yameacha kipande hiki cha tope, leo hii unakipanda mpunga. Kesho yameacha kingine, unasonga mbele. Ukikaa siku moja kujinyoosha mgongo, tope limekauka na shamba limekupita. Mama yangu alipanda huku ndizi ya kuchemsha iko mdomoni. Alikuwa na neno lake, na watu wote wa ukingoni wanalo: maji hayangoji. Nililisikia neno hilo kabla sijajua kuhesabu, na niliamini kwamba mtu anayekaa kula wakati kazi iko ni mtu asiye na mama.

Sasa msimu mmoja wa maembe, lori lilikwama kwenye tope siku mbili. Lilipofika, maembe yalikuwa yameiva mpaka yanatoa maji. Meneja wetu, mtu wa kutoka mbali, mpole, mwenye kupenda kufuta miwani yake, alizunguka lori lile akishika kichwa. Alikuwa na haki ya kushika kichwa, mzigo ulikuwa unaoza mbele ya macho yake. Mimi nilikuwa nyapara wa meza moja tu. Hakuna aliyenituma. Nilipanda juu ya kreti nikapaza sauti, "Jamani, sisi ni watoto wa mto! Maji yakishuka nani anakaa kula? Leo hatupumziki mpaka lori liishe!"

Wapokomo wenzangu walicheka na kushangilia, maana waliujua wimbo. Wengine walinyamaza, na mimi kunyamaza kwao nikakuita kukubali. Nikamkimbilia Mzee Barisa langoni, nikamwambia asipige chuma. Alinitazama kwa muda, akaegemeza nondo ukutani. Lori lile tulilimaliza. Wala sikatai, siku ile tulifanya kazi ya kusifiwa, na lau mambo yangeishia hapo nisingekuwa na hadithi.

Lakini mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Meneja alinipa koti jeupe, lile la nyapara mkuu lenye mifuko miwili, akaniita mbele ya watu akasema kama angekuwa na watu kumi kama mimi angelala usingizi. Ningefanyaje na kichwa changu kile? Kesho yake lilipokuja lori jingine nilimwambia mimi mwenyewe, kabla hajaomba, kwamba tutakaza mpaka msimu uishe. Akauliza, "Watu wamekubali?" Nikajibu, "Wamekubali." Neno moja tu. Sikuwa nimemuuliza hata mmoja.

Basi msimu wa maembe ukaisha, likaja papai. Papai nalo halingoji. Papai likaisha, zikaja ndizi. Shambani maji yakishuka mpaka mwisho yanakwisha, mpunga unasimama, na watu wanalala mchana kutwa na kuozesha binti zao. Kwenye banda la mabati maji hayakuisha kushuka hata siku moja. Bandu bandu huisha gogo: kwanza tulikula kwa zamu za dakika kumi, halafu tukala tumesimama, halafu ikawa anayetaka kula anakula alfajiri kwao. Mimi nilipita kati ya meza na koti langu jeupe, nikisema maji hayangoji, maji hayangoji, na nilidhani watu wananyamaza kwa sababu wananiheshimu.

Kulikuwa na dada mmoja wa Kigiriama, Kadzo, mwenye mkono mwepesi kuliko wote kwenye kisu. Alikuwa na mtoto wa miezi mitano. Mama mkwe wake alimbeba mtoto yule kila mchana akaja naye langoni, akaketi kwenye kivuli cha ukuta, kwa sababu saa ya mapumziko ndiyo ilikuwa saa ya kunyonya. Chuma kilipoacha kulia, yule mama hakuacha kuja. Angefanya nini? Mtoto hasomi matangazo. Tulimsikia akilia kutoka ndani, na aproni ya Kadzo ikilowa maziwa mbele ya meza, na yeye akikata embe bila kuinua uso. Niliona, mwanangu. Sitakudanganya kwamba sikuona.

Siku moja mtoto alilia mpaka sauti ikamkauka. Kadzo akaweka kisu chini, akatoka akakimbia langoni, akamnyonyesha amesimama. Meneja alikuwa anapita. Akaniuliza, kwa upole wake ule ule, "Umempa ruhusa?" Watu wote wakanitazama. Ningeweza kusema ndiyo. Koti lilinibana shingoni, nikasema, "Mimi sikumruhusu."

Jioni Kadzo alifutwa kazi kwa kuacha kazi bila ruhusa. Hakuitwa kuulizwa lolote. Alikunja aproni yake vizuri, akaiweka mezani kwangu, akaondoka.

Asubuhi yake nilifika langoni mapema, na Mzee Barisa hakunifungulia. Alikaa kwenye kiti chake, funguo mkononi.

"Binti, simama hapo," aliniambia. "Mimi iko na neno. Malka unaijua?"

Naijua, nikamwambia. Malka ni njia ya ng'ombe kushukia mtoni, sisi wenye mashamba na wao wenye mifugo tumegombania njia hizo tangu mababu.

"Sawa. Ng'ombe ikiinamisha kichwa kunywa, sisi hatupigi fimbo. Hata kama iko haraka, hatupigi. Hata kama mvua inakuja, hatupigi. Hiyo maji ni yake." "Sasa mimi nauliza wewe. Hii saa ya kula, ilikuwa ya nani?"

Nikasema ilikuwa ya wafanyakazi.

"Basi wewe ulichukua ng'ombe ya watu ukapa mgeni zawadi, halafu ukapigiwa makofi. Kama ni ya kwako, toa. Hakuna mtu atakataza. Lakini ya Kadzo ulipewa na nani? Na yule mtoto, ulimuuliza?"

Nina mdomo, nimekwambia, lakini siku ile ulikosa kazi. Mzee akafungua lango, na nilipopita akaongeza, si kwa hasira, "Ulitoa siku moja bila kuuliza. Sasa rudisha kwa kuuliza. Moja moja."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Ni kweli kwa maji. Lakini mimi nilikuwa sijamwaga maji, nilikuwa nimemwaga saa ya watu, na nilikata shauri nitaizoa hata kwa kijiko.

Tulikuwa thelathini na mmoja, pamoja na Kadzo na mimi. Kila siku baada ya kazi na kila Jumapili baada ya kanisa nilikwenda nyumba kwa nyumba. Sikwenda na hotuba. Nilibisha hodi, nikaketi nilipoonyeshwa, nikasema: "Nilisema umekubali na sikukuuliza. Nisamehe. Na sasa nakuuliza: saa yako unaitaka?" Kama jibu ni ndiyo, niliomba ile barua ya ajira, nikaeleza kwamba nataka kuziweka zote mezani mbele ya afisa wa kazi wa serikali aliyeko Hola. Kama jibu ni hapana, ningemshukuru na kwenda zangu. Usicheke. Jaribu wewe kuomba msamaha mara thelathini uone kama goti halitajifunza njia.

Wengine walinipokea kwa maneno makali, na yalikuwa halali yangu. Halima, Muorma wa meza ya kuosha, aliniacha nisimame uani huku akikamua mbuzi, mpaka alipomaliza.

"Wewe si ulipanda juu ya kreti ukasema sisi watoto wa mto?" alisema. "Mimi si mtoto wa mto. Mimi mtoto wa ng'ombe. Mwaka mzima adhuhuri yangu naiswali jioni kama mdaiwa, kwa ajili ya wimbo wa mama yako."

Nikamwambia ni kweli, na kwamba sina la kujitetea. Akanitazama, akaingia ndani, akatoka na kikombe cha chai ya maziwa na barua iliyokunjwa ndani ya msahafu. Aliniambia ninywe kwanza. Mpaka leo yule ni rafiki yangu, na mpaka leo nikimkawiza kidogo ananiita mtoto wa mto.

Barua zile, mwanangu, ningekuwa na uwezo ningeziandikia kitabu. Moja ilitoka kwenye kitabu cha nyimbo za kanisa, moja kwenye kopo la unga, moja ilikuwa imekatwa kona kuwashia jiko, bahati kona isiyo na maandishi. Mzee Kahindi, Mgiriama wa kwenye matanuri, alikuwa ameibandika ukutani kuziba tundu la upepo. Aliibandua kwa maji ya uvuguvugu taratibu, kama anamwogesha mtoto mchanga, akaniambia upepo utaingia lakini si neno. Watu wawili tu walisita, wakihofia kufutwa kama Kadzo. Sikuwasukuma. Nilishajifunza gharama ya kusukuma. Walikuja wenyewe wiki ya tatu, Jumapili jioni, wakanikuta nakoka moto.

Kwa Kadzo nilikwenda mwisho. Nitasema ukweli: kwa sababu nilikuwa mwoga. Nilimkuta akitwanga, mtoto mgongoni. Alinisikiliza bila kuacha kutwanga. Nilipomaliza alisema, "Dada Esta, barua yangu iko tayari tangu wiki iliyopita. Nilisikia unazunguka. Nilidhani kwangu hutafika." Nililia pale pale mbele ya mama mkwe wake, na yule mama, badala ya kunifukuza, alinipa mtoto nimshike ili Kadzo akachukue barua.

Tukaandika malalamiko, mimi na Kadzo, kwa mkono wa mjukuu wa Mzee Kahindi aliyekuwa na mwandiko mzuri. Kadzo aliyapeleka Hola mwenyewe. Tulingoja. Hatukugoma, hatukutupa jiwe. Siku ya kusikilizwa ilipofika, afisa wa kazi alikuja, mama mmoja mfupi mwenye begi kubwa, akaomba meza moja ya kukatia maembe isafishwe, akaketi hapo hapo bandani ili kila mtu asikie.

Meneja alizungumza kwanza, na alizungumza vizuri. Alisema hakuna aliyelazimishwa. Alisema wafanyakazi wenyewe waliomba kazi isikatizwe, kwamba ni desturi ya watu wa hapa wakati wa mavuno, na kwamba yeye ni mgeni, aliheshimu desturi. "Muulize nyapara mkuu," alisema, akanielekezea kidole. "Ndiye aliyeniletea neno."

Mwanangu, hapo ndipo yote yalipokuwa yamesimamia. Kama ningesema walikubali, Kadzo amekwisha, na saa ile imezikwa. Kama ningesema mimi sikusema lolote, ningekuwa mwongo, na meneja alikuwa na mashahidi, maana nilisema juu ya kreti. Nikamwona Mzee Barisa amesimama mlangoni, ameacha lango lake peke yake kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

Nikavua lile koti jeupe. Nikalikunja kama Kadzo alivyokunja aproni yake, nikaliweka mbele ya meneja. Nikasema, "Anasema kweli. Neno nilileta mimi. Niliulizwa kama watu wamekubali, nikasema ndiyo, na sikuwa nimemuuliza mtu. Nilitoa kisichokuwa changu. Sasa nimewauliza." Nikafungua kanga niliyozifungia barua, nikazipanga mezani moja moja, ile ya msahafu, ile ya kopo la unga, ile ya Mzee Kahindi yenye alama ya udongo, zote thelathini na moja, yangu ya mwisho. Nilipokuwa nikipanga, kila mwenye barua alisimama bila kuambiwa. Kufikia ya mwisho hapakuwa na mtu aliyeketi isipokuwa meneja na afisa.

Afisa alivaa miwani akasoma. Alisoma kumi hivi, akaruka, akasoma mbili za mwisho. Halafu akamgeukia meneja.

"Hizi ni sahihi zako?"

"Ni zangu."

"Saa sita na nusu mpaka saa saba na nusu. Umeandika wewe. Sheria ya kazi inasema ukitaka kubadilisha unashauriana na mfanyakazi mwenyewe, na mabadiliko unamwandikia. Umemwandikia nani?"

Meneja akafuta miwani yake. Hakuwa amemwandikia mtu.

"Desturi ni nzuri," mama yule aliendelea, "lakini haki ya watu wote hawa haiondolewi kwa mdomo wa mtu mmoja, awe nyapara au awe chifu. Na huyu Kadzo, kabla ya kumfuta, ulimwita ukamsikiliza?"

Hakuwa amemsikiliza. Meneja alijaribu mara ya mwisho, akasema shughuli itaanguka, matunda hayangoji. Hapo Mzee Barisa akasema kutoka mlangoni, bila kuombwa, "Matunda inaoza. Mtu pia inaoza."

Banda lote liliangua kicheko. Hata afisa alificha mdomo kwa karatasi. Alimwuliza mzee kazi yake ni nini pale. "Mimi ni ya kupiga chuma," alisema, "lakini chuma sasa iko karibu mwaka haijapigwa."

Afisa akatazama saa yake ya mkononi. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini na nane. Akaandika pale pale kwamba saa ya mapumziko irudi siku ile ile kama ilivyo kwenye barua, Kadzo arudishwe kazini, na kama kiwanda kina shida ya mzigo kiajiri zamu ya pili au kiwaandikie watu mmoja mmoja na kungoja majibu yao. Meneja akasoma, akatia sahihi. Kisha afisa akamwambia Mzee Barisa, "Basi mzee, nadhani umechelewesha watu."

Nimesikia kengele nyingi, za kanisa, za shule. Sijasikia kama ile. Alipiga mara tatu, akatulia, halafu sijui furaha ilimzidi, akaongeza ya nne na ya tano. Na unajua nini? Hakuna aliyetoka. Tulisimama kama tumefungwa miguu. Ng'ombe waliozoea fimbo hawaamini maji. Wa kwanza kutembea alikuwa Kadzo, ambaye siku ile hakuwa hata na kisu cha kuweka chini. Alipita kati ya meza, akatoka kwenye jua, akafika langoni, akampokea mtoto kwa mama mkwe wake, akaketi. Safari hii aliketi, mwanangu, akanyoosha miguu, akamnyonyesha bila kumtazama mtu.

Ndipo sisi nasi tukatoka. Halima alikwenda na kata yake ya maji akitembea kama bibi harusi. Mzee Kahindi alivua viatu. Mimi nilipiga kigelegele ambacho nina hakika kilivuka mto. Wali wangu ulikuwa umepoa na kambare ana mifupa mingi, na sijawahi kula chakula kitamu kama kile mpaka leo, hata kwenye harusi yangu.

Koti sikurudishiwa, wala sikuliomba. Nilirudi kwenye kisu, meza moja na Kadzo, na kwa miaka yote iliyobaki pale nilikuwa mwepesi wa pili, maana yeye nilishindwa kumfikia. Na yule meneja, nisimseme vibaya. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyepewa kitu cha bure akakizoea, na aliyempa ni mimi. Baada ya wiki chache alianza kuja na kopo lake la chakula saa sita na nusu, akaketi nasi, na tulimfundisha kula kambare bila kujichoma. Alikiri mwenyewe kwamba vidole vinavyokatwa mchana vilipungua. Mkono uliopumzika unaona kisu kilipo.

Sasa mwanangu, uji umepoa, nakuona. Nisikie, nimalize.

Bidii yako sina ugomvi nayo. Ni damu ya kwetu, na anayekuambia uwe mvivu si wa ukoo huu. Ukitaka kutoa saa yako ya kula, toa, ni yako. Kutoa ni moyo. Lakini hao unaowasimamia, kila mmoja ana kitu kinachomngoja mchana: mwingine ana swala, mwingine ana dawa ya kumeza, mwingine ana mtoto langoni, na mwingine ana mgongo tu unaouma, na huo pia watosha. Wewe huwezi kuvijua vyote, na ndiyo maana sheria haikungoja uvijue. Iliweka saa ile mkononi mwa kila mtu ili asilazimike kukuomba wewe. Usimsifie bosi kwa mali ya mwenzio. Na ukiona wamenyamaza, usijidanganye kwamba wamekubali. Uliza, mmoja mmoja, na uwe tayari kuambiwa hapana.

Na kama umeshaitoa, kama nilivyotoa mimi, usikae na aibu yako ndani kama mgonjwa. Kesho asubuhi nenda, wasomee barua zao, waambie ulikosea, rudisha. Mdosi akikunyang'anya cheo, njoo kwangu, wali upo. Cheo kinapatikana. Aliyewahi kupiga kigelegele cha haki hasahau ladha yake, na mimi nataka uijue ladha hiyo kabla sijafa.

Nenda, mwanangu. Mungu aliyeupa mto huu kufurika na kupungua akupe nawe bidii na pumziko, kila kimoja kwa saa yake. Akulinde na sifa zinazolewesha. Awape walio chini yako sababu ya kukuombea. Na mchana wa kesho, saa yao itakapofika, Mungu akupe mkono wa kupiga chuma.